Nungwi hadi Mkoani kwa tanga: nahodha aliyenikatalia Ijumaa

Ijumaa saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nimesimama kwenye mchanga wa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, na watu wangu watatu, mabegi matano, na cherehani ya mguu iliyofungwa kwa blanketi. Nahodha alitoka msikitini, akatusalimu, akatupita, akaenda mpaka maji yakamfika vifundoni. Akasimama hapo kitambo. Aliporudi alisema, "Leo hatwendi, bimkubwa."

Nilikuwa nimeshalipa nusu ya pesa.

Tangu nirudi watu wananiuliza habari za safari hii, mteja kwa mteja, hata wanaokuja kupima suruali. Kuvuka kutoka Unguja kwenda Pemba kwa chombo cha tanga siku hizi inawezekana? Ina usalama? Bei gani? Mwanamke anajisitiri vipi? Nayajibu yote hapa, na nitasema palipo na kasoro, kwa sababu ipo moja kubwa. Jina la nahodha siliandiki, mwenyewe hapendi. Ukifika Nungwi, pale mafundi wanapounda vyombo, uliza nahodha anayevusha watu Pemba kwa tanga, utaoneshwa.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Mwanakwerekwe, lakini kitovu changu kimezikwa Wete, Pemba. Babu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi la karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo ukisema karafuu umesema Pemba. Watu kama babu walipata riziki yao kwa kuzishusha hadi mjini. Alikuwa akipakia Wete, akingoja kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ishike vizuri, anateremka nayo. Kusi, upepo wa kutoka kusini, likianza anarudi na mchele, nguo na mabati. Mimi nimezaliwa chombo chake kikiwa kishapandishwa pwani, kuku wanataga ndani yake. Kwa hiyo njia hii nimeivuka mara nyingi, kwa boti na kwa meli, na hata siku moja sikuwahi kuivuka alivyoivuka yeye.

Mwaka huu mtoto wa dada yangu aliyeko Mkoani, bandari ya kusini mwa Pemba, amemaliza kujifunza ushoni, nikamwahidi cherehani yangu ya zamani, Butterfly ya mguu, inayoshona mpaka jinzi. Nikajiambia, huu mzigo unastahili chombo.

Shida ilikuwa mama mdogo wangu, mwenye miaka 67, ambaye alitaka kwenda na sisi. Yeye ni katika watu wa Pemba ambao tarehe 10 Septemba 2011 haijawatoka mwilini. Usiku ule meli ya Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imebeba watu kupita kiasi mbali kabisa, na mamia kwa mamia hawakurudi. Kwetu tuna neno moja, matanga, kwa kitu kinachosukuma chombo na kwa siku za kukaa msibani, na mwaka ule mtaani kwao matanga yalikuwa nyumba kwa nyumba. Tangu hapo mama mdogo havuki usiku, na havuki mpaka ameona idadi ya watu kwa macho yake. Alisema atakuja kwa sharti la kuzungumza na nahodha kwanza.

Basi tulikwenda Nungwi wiki moja kabla. Mama mdogo hakuuliza bei wala muda. Alimuuliza, "Baba, wewe unapakia watu wangapi?"

"Kumi na mabaharia ndani yake. Hawazidi."

"Na wakija kumi na wawili na pesa zao?"

"Wawili watanisubiri niwarudie."

Akamuuliza kama usiku ule wa 2011 alikuwepo Nungwi. Akasema ndiyo, walitoka na vyombo, wakawachukua waliowakuta. Hakuongeza neno. Mama mdogo naye hakuuliza tena. Tulipokuwa ndani ya daladala kurudi mjini akaniambia, "Huyu nitakwenda naye."

Chombo ni mashua kubwa, hatua zangu kumi na mbili mchangani kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, imeundwa hapo hapo Nungwi kwa tezo na keekee. Nilipitisha kidole kwenye maungio ya mbao: pamba ya kalafati imeshindiliwa, hakuna mwanya. Cheti cha usajili alinionesha mwenyewe kabla sijafungua pochi, na nawaambia wenzangu, asiyekuonesha cheti usimpe hata elfu kumi. Ipo mashine ndogo ya kupachika nyuma, na alisema mapema kwamba ni ya dharura na ya kuingilia bandarini, asije mtu akadhani ameuziwa tanga akapewa petroli.

Tanga nililikagua kwa haki yangu ya ufundi. Limeshonwa kwa mapande marefu ya pamba nzito, pande kwa pande, mshono wa kukunja mara mbili, na ukingo wote umeshonewa kamba. Kazi nzuri sana, ya mkono uliotulia. Lakini sehemu mbili zilizotengenezwa karibuni zilishonwa kwa uzi wa nailoni, na hapo nikasema. Uzi ukiwa na nguvu kuliko kitambaa, siku ya mvuto haukatiki wao, unakikata kitambaa tundu kwa tundu kama msumeno. Baharia mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi tuoneshe, dada." Nikaahidi nikija na safari nitakuja na uzi wa pamba na nta.

Sasa turudi Ijumaa.

Nilikasirika, na sioni sababu ya kuficha. Bahari iliyokuwa mbele yangu ilikuwa kama sinia. Upande ule wa Nungwi unatazama magharibi, kisiwa chote kinaukinga upepo wa kusi, na maji ya bamvua yalikuwa yamejaa mpaka juu, chombo kinaelea chenyewe. Nikamwambia, "Nahodha, mbona kumetulia?" Akaniita twende kidogo, tukatembea pwani kuelekea rasi, upande wa mnara wa taa, mpaka pale kisiwa kinapokwisha. Hapo upepo ulinivua ushungi.

Alinieleza kwa utulivu, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma. Kusi la mwezi wa tisa limeshaanza kulegea, na kwa kawaida usiku linalala. Alfajiri unapata umande, upepo mwembamba wa kutoka nchi kavu, chombo kinatoka nao polepole, na kusi linaamka jua likishapanda. Siku ambayo kusi limekucha halikulala, saa nne litakuwa maradufu, na saa nne sisi tungekuwa katikati. Akaninyooshea kidole nje ya rasi: mstari mweupe wa povu, ambao kwa macho yangu ulikuwa mwamba tu. "Pale hapana mwamba," alisema. "Pale ni mkondo unapokutana na mawimbi yanayozunguka kisiwa."

Wakati tunarudi alikuja kijana mmoja wa chombo kingine, cha mashine, akatuambia yeye anatoka sasa hivi na bei yake ni nusu. Nilishawishika. Cherehani ilikuwa mchangani, mtoto ananiuliza tunaondoka saa ngapi, na nilikuwa nimefunga kibanda siku za kazi. Mama mdogo ndiye aliyenivuta mkono. Chombo kile kiliondoka na watu wanne.

Mchana nilimuuliza nahodha kama ana habari zao. Akasema wamefika, kapigiwa simu. Nikamwambia, kwa sauti ambayo baadaye niliijutia, "Basi na sisi tungefika."

"Pengine," akajibu. "Alhamdulillahi kwa hao waliofika. Lakini mimi pengine siuzi."

Nimelifikiria neno hilo nikiwa mbele ya cherehani yangu siku nyingi. Mteja akiniletea kitambaa cha harusi akaniuliza kama naweza kukimaliza kwa usiku mmoja, mara ngapi nimesema pengine na nikapokea pesa? Huyu alikuwa na nusu ya pesa zangu mfukoni, angeweza kuipata nusu ya pili siku ile ile, na alikaa siku mbili pwani bila kipato. Chumba cha kulala hatukulipa. Alitupeleka kwa dada yake, tukapewa godoro, chandarua na mchuzi wa pweza, na mama mdogo akapata wa kuzungumza naye mpaka usiku wa manane.

Jumamosi tukashona tanga. Walilitandika chini ya mti wa mkungu, baharia mkubwa upande mmoja, mimi upande wa pili, mwanangu wa miaka kumi na tano anapaka uzi nta. Sindano ya tanga ina pembe tatu upande wa ncha na haisukumwi kwa kidole, unavaa kipande cha ngozi kiganjani. Mpaka adhuhuri kiganja changu kilikuwa chekundu pamoja na ngozi yake. Tulifumua nailoni yote, tukarudishia kwa pamba, tundu jipya kando ya tundu la zamani. Hii haimo katika huduma wanayouza na wewe hutalazimika kushona. Naieleza kwa sababu kesho yake, upepo ulipolijaza tanga lile, nilijua kila kipande kimeshikwa na nini.

Jumapili mwezi wa siku ya kumi na saba ulikuwa bado juu upande wa magharibi tulipotoka, saa kumi na moja na dakika arubaini. Nahodha alikuwa kishakwenda rasini na kurudi. Safari hii alisema tu, "Haya, bismillah." Mabaharia wawili na mwanangu wakatweka, foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, ikapanda mlingotini kwa kelele za kapi, tanga likaning'inia kama shuka kwenye kamba ya kuanikia, halafu umande ukaligusa. Hakukuwa na kishindo wala kuyumba. Mchanga ulianza tu kwenda nyuma.

Saa nzima ya kwanza ilikuwa hivyo. Chai ya tangawizi ilikuwa tayari. Wanapikia kwenye sanduku la mchanga katikati ya chombo, makaa hayasogei hata mkiinama. Kulikuwa na maandazi na muhogo wa kuchemsha. Mpwa wangu wa miaka minane alikula maandazi manne. Asingekula manne angekuwa salama zaidi, maana tulipovuka mnara wa taa na kisiwa kikaacha kutukinga, mawimbi marefu ya kusi yalianza kuingia chini yetu kutoka kulia, na ndani ya robo saa mtoto alikuwa ameinama ubavuni mwa chombo, mama mdogo yuko kando yake anamsaidia kwa mkono mmoja na mwingine anajisaidia mwenyewe. Mwenye kulewa bahari ajiandae: ndimu, tangawizi, na usiku wa kuamkia safari kula kitu chepesi. Mabaharia walikuwa na ndoo tayari na hawakumcheka mtu.

Saa mbili hivi kusi lilishika. Hapo ndipo nilipoelewa chombo. Kilichokuwa kizito na chenye kugugumia kikawa kama kimekumbuka kazi yake: kikalala kidogo upande wa demani, ule usiopigwa na upepo, maji yakaanza kuimba kwenye mbao, na foromali ikaacha kugonga. Upepo ulikuwa unatoka kulia kwetu, nyuma kidogo, na nahodha alisema ukiupata hivyo kwa njia hii huna haja ya kugusa tanga mpaka uione Pemba. Na kweli hawakuligusa. Tangu saa mbili hadi saa saba tanga lilikaa pale pale, na baharia mdogo alipata usingizi.

Maji yalibadilika rangi. Kutoka Unguja kwenda bara bahari ni ya kina kifupi, lakini Pemba imekaa peke yake, imezungukwa na kina kirefu, na ukivuka unaliona hilo kwa macho: kijani cha Nungwi kinakwisha, linakuja buluu la wino. Panzi wa bahari wakaanza kuruka mbele ya omo, makundi kwa makundi. Mara moja, mbali upande wa kushoto, mwanangu akaona moshi ukitoka majini, akapiga kelele. Alikuwa nyangumi. Wanapita kwetu miezi hii, Julai mpaka Septemba. Tulimwona akipumua mara tatu, kisha mgongo, kisha hakuna.

Simu ya mwanangu ina ramani, na akawa anafuatilia alama yetu. Baada ya muda akaona kitu kikamtia wasiwasi: omo lilikuwa limeelekezwa kulia mno, kama tunataka kupita nje ya kisiwa, upande wa bahari kuu. Akaenda nyuma kwa adabu, akamwambia, "Baba, mbona kama tunaipita Mkoani?"

Nahodha akamkalisha na kumshikisha kana ya usukani. "Mkondo wa hapa unakwenda kaskazini mwaka mzima," alimwambia, "na kusi likivuma unazidi. Ukiilenga Mkoani utafika Misali." Akamwonesha jinsi ya kukaa na wimbi: asitazame simu wala dira kila saa, asikilize wimbi linapomnyanyua bega la kulia, na likija begani pale pale kila mara, njia ni ile ile. Mwanangu aliushika usukani karibu saa nzima. Alama ya kwenye ramani ilikwenda kiupandeupande kama kaa, omo linatazama mahali pamoja na chombo kinakwenda pengine, na mwisho wa mstari ulikuwa Mkoani. Katika safari yote hiyo ndiyo saa niliyopenda kuliko zote, na sikuwa mimi niliyeshika kana.

Chakula cha mchana kilivuliwa. Walikuwa wamefunga mshipi nyuma tangu rasini, na saa nne akanasa jodari, mdogo, wa kututosha. Akakatwa hapo hapo, akaingia kwenye nazi, bizari na pilipili mbichi, na wali ukapikwa na kufunikwa kwa kibao ili chumvi ya bahari isizidishe. Nimekula samaki Forodhani na kwenye hoteli za Nungwi ambazo sahani moja ni bei ya gunia la mkaa. Huyu wa kwenye sanduku la mchanga hawamfikii. Mama mdogo alikula vijiko vitatu na ndimu nzima.

Pemba haijitokezi upesi, kwani vilima vyake ni vifupi. Kwanza unaona mawingu yamesimama mahali pamoja wakati mengine yote yanatembea, na nahodha akasema, "Hayo yapo juu ya nchi." Dakika nyingi baadaye chini ya mawingu ukatokea uzi, kisha uzi ukanenepa ukawa kijani. Waarabu wa zamani waliiita kisiwa cha kijani, na ukiikaribia kwa mwendo wa tanga unapata muda wa kuona kwa nini, maana kijani hicho kinakuja kwa tabaka, minazi kwanza, nyuma yake mikarafuu yenye weusi ndani yake. Babu alikuwa akituambia kwamba harufu ya karafuu humpokea baharia kabla ya nchi kavu. Nilikuwa nimeichukulia kama hadithi za wazee. Tulipofika karibu na kisiwa cha Makoongwe upepo ulikuwa unapita juu ya nchi kuja kwetu, ni msimu wa kuanika, na ikaja. Mama mdogo aliyekuwa amejilaza tangu saa moja aliinuka akakaa. Hakusema kitu, akavuta pumzi tu, mara mbili.

Tulitia nanga Mkoani saa nane kasoro dakika kumi. Ukihesabu ni saa nane na dakika kumi za bahari, kwa maili za baharini zinazokaribia thelathini, yaani kilomita hamsini na kitu. Boti ya kasi kutoka Malindi, bandari ya mjini Unguja, inafika mapema zaidi na kwa kichwa kimoja inakuja rahisi zaidi, kwa hiyo mwenye haraka au mgonjwa apande boti.

Sasa kasoro. Kubwa ni jaketi okozi. Yapo kumi na mbili, mazima, yana filimbi, na alituvalisha kabla ya kutoka wala hakukubali mtu avue. Lakini yote ni ya watu wazima. Mpwa wangu wa miaka minane alivaa moja linalomfika magotini, tukalifunga kwa kanga kifuani na katikati ya miguu. Mtoto wa namna ile akianguka majini jaketi linabaki juu na yeye anateleza chini. Kwa nahodha ambaye hauzi pengine, hili lilinishangaza na kuniuma, na nilimwambia usoni, siyo kwa kumvizia mtandaoni. Alinyamaza, kisha akasema nimesema kweli. Mpaka atakapoyanunua, msipeleke watoto wadogo bila kuja na jaketi lenu.

Ya pili ni kivuli. Hakuna. Asubuhi jua linatoka upande wa joshi, unakotoka upepo, na tanga limejaa upande wa demani, kwa hiyo kile kivuli kikubwa kizuri kinaangukia baharini. Turubai haliwezekani kufungwa kwa sababu ya foromali. Vaeni mikono mirefu, na mzee apate kofia pana chini ya ushungi. Mama mdogo alibabuka pua.

Ya tatu ni ya wanawake. Choo ni ndoo, nyuma ya pazia la turubai omoni, na mabaharia wote wanahamia tezi na kutazama nyuma mpaka umalize. Wana heshima, siwezi kusema vinginevyo, lakini pazia lilikuwa fupi na upepo unaliinua. Nilikuwa na pini zangu za kazi na kanga mbili nikalirefusha. Kanga hizo nimewaachia.

Na ya nne inatokana na bahari yenyewe: ukitoka Nungwi maji yamejaa, baada ya saa sita yamekupwa, na Mkoani tulifika maji ndiyo kwanza yanaanza kurudi. Mashua haikuweza kusogea pwani. Tulishuka kwenye maji ya mapajani, mama mdogo akabebwa kwa mtumbwi, na cherehani ikaenda juu ya vichwa viwili vya mabaharia waliokuwa wakitembea kwa hatua moja, huku nahodha akiwa mbele yao anapapasa mchanga kwa miguu asije mmoja akatumbukia. Nilisahau kupumua mpaka walipoitua. Siku nzima ilikuwa imekaa juu ya vibao, mbali na maji ya ngama yanayotuama chini ya chombo, imefungwa nailoni mara tatu na turubai juu. Nyumbani kwa yule mpwa wangu wa Mkoani tulipofungua, hata mafuta niliyoitia Alhamisi yalikuwa bado yanang'aa kwenye ekseli, na alishona foronya ya kwanza kabla ya magharibi.

Bei: nililipa shilingi 480,000 kwa chombo kizima, chakula ndani yake, watu wanne na mzigo. Ijumaa na Jumamosi hakudai chochote, na siku ya Ijumaa aliniambia nikitaka nusu yangu niichukue. Kwa familia ya watu sita au saba inakuwa nafuu, kwa mtu mmoja ni ghali. Weka akiba ya siku mbili au tatu kwa ajili ya kungoja, na kama huna siku hizo usimpigie kabisa, maana atakukatalia na hutafurahi. Wakati mzuri wa kwenda Pemba ni kusi, hasa likianza kulegea, Agosti na Septemba. Kurudi Unguja kwa tanga kunataka kaskazi, Januari na Februari. Katikati ya misimu hiyo, wakati wa maleleji, upepo hauna mwenyewe, na nahodha alisema wakati huo yeye hulikunja tanga akavua.

Nampa nyota nne. Ya tano ipo kwenye jaketi la mtoto.

Mwezi wa pili, kaskazi ikishika, nataka kuteremka naye kutoka Pemba, njia ile ya karafuu. Mama mdogo kasema atakuja tena na ameshanunua kofia. Wiki iliyopita nilimpigia nahodha kumuuliza kama siku zake zipo wazi. Alisema siku zipo, upepo hajui. Halafu kabla ya kukata simu akaniuliza mtoto yule ana kilo ngapi.